Sanaa ya Kusokota Mpira: Mapenzi ya Mchezaji wa Ridhaa katika Kriketi

Utangulizi

Tarehe 15 Machi 2003, katika uwanja wa Kingsmead mjini Durban, Afrika Kusini, mwanamume mwenye umri wa miaka 39 alikabidhiwa mpira wa kriketi ili awarushie mabingwa wa dunia. Mwanamume huyo ni Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Alikuwa amestaafu baada ya mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 1999, na riziki yake ilitokana na shughuli za bima wala si kriketi. Timu ya Kenya ilikuwa imejikusanyia mikimbio 174, hivyo Australia ilihitaji 175 ili kushinda, nayo ilikuwa ikiiendea kwa pupa. Karim alirusha mipira 50. Katika mipira hiyo alitoa mikimbio 7 pekee na kuwaondoa wapigaji watatu. Aidha, kati ya ova nane alizozikamilisha, sita hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Australia ilishinda mechi hiyo kwa wiketi tano kama ilivyotarajiwa na wengi. Hata hivyo, tuzo ya mchezaji bora wa siku ilimwendea Karim, mtu wa upande ulioshindwa.

Makala haya yanakusudia kueleza sanaa iliyomwezesha mchezaji kama huyo kuwafunga mikono watu waliofanya kriketi kuwa kazi yao ya kila siku. Sanaa hiyo ni kusokota mpira. Hoja kuu ni kwamba urushaji wa kusokota ni sanaa ya fumbo na ya ridhaa kwa pamoja: ni fumbo kwa sababu humpa mpigaji maana ya juu na kumficha maana ya ndani, na ni ridhaa kwa sababu hakuna awezaye kuimudu pasipo kukubali kwa moyo mmoja kupigwa, kuchekwa na kujaribu tena.

Mchezo na Zana Zake

Kabla ya kuujadili msokoto wenyewe, ni muhimu kuyaeleza mazingira yake kwa ajili ya msomaji asiyeufahamu mchezo huu. Kriketi huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja. Katikati ya uwanja mna ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa wenye urefu wa takriban mita 20. Katika kila ncha ya ukanda huo husimikwa vijiti vitatu ambavyo juu yake hulazwa vipande viwili vidogo vya mti. Mkusanyiko huo ndio wiketi. Mrushaji huurusha mpira kutoka ncha moja, na mpigaji aliye katika ncha ya pili huzilinda wiketi zake kwa gongo huku akitafuta nafasi ya kuupiga mpira mbali ili apate mikimbio. Mpira ukiviangusha vijiti, au ukidakwa baada ya kupigwa kabla haujagusa ardhi, au ukizuiwa na mguu wa mpigaji ilhali ulikuwa ukielekea vijitini, mpigaji huondoka. Mipira sita ya mrushaji mmoja huitwa ova.

Mpira wenyewe una uzito usiozidi gramu 163. Kiini chake ni gome laini la mti lililozungushiwa uzi, nacho hufunikwa kwa ngozi ngumu iliyoshonwa. Mshono huo huuzunguka mpira mzima kama mshipi na huinuka kidogo juu ya ngozi. Mshono huo ndio huikamata ardhi na kuupa mpira njia mpya.

Kuna makundi mawili makuu ya warushaji. Kundi la kwanza hutegemea kasi. Mrushaji wa kasi huja mbio kutoka mbali na kuutupa mpira kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 140 kwa saa, na silaha yake ni kumnyima mpigaji muda wa kufikiri. Kundi la pili hutegemea msokoto. Mrushaji wa kundi hili hupiga hatua chache tu, na mpira wake huenda kwa mwendo wa kilomita 75 hadi 95 kwa saa. Yeye humpa mpigaji muda wa kutosha kufikiri, kisha hutumai kwamba mpigaji ataufikiria vibaya. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jinsi Mpira Unavyosokotwa

Kusokota mpira ni kuuzungusha kwa nguvu wakati unapotoka mkononi, kiasi kwamba uendapo mbele unajizungusha pia wenyewe. Mtoto anayecheza pia kwa uzi anaifahamu kanuni hii bila kufundishwa: kitu kinachozunguka kikigusa ardhi hakiendi pale kilikoelekezwa tu, bali huenda pia kule mzunguko unakokivuta.

Zipo njia mbili za kuuzalisha msokoto. Njia ya kwanza ni ya vidole. Mrushaji hukaza kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono, na wakati wa kuuachilia mpira huvizungusha vidole hivyo mithili ya mtu anayefungua kitasa cha mlango. Karim alitumia njia hii, naye hurusha kwa mkono wa kushoto. Mpira wa mrushaji wa aina yake ukishagonga ardhi humkimbia mpigaji atumiaye mkono wa kulia. Njia ya pili ni ya kifundo cha mkono. Hapa kidole cha pete ndicho husukuma, na kifundo hufunguka kwa ghafla wakati mkono unapopita juu ya bega. Njia hii huzaa msokoto mkali zaidi lakini ni ngumu kuidhibiti. Mrushaji hukosea mara nyingi, na kila anapokosea mpira huwa mwepesi kupigwa kama embe lililoiva.

Ni kosa kudhani kwamba msokoto hufanya kazi baada ya mpira kugusa ardhi tu. Ungali hewani, mpira unaozunguka huburuta hewa iliyo kando yake, na hewa hiyo hupita upande mmoja kwa kasi kuliko upande wa pili. Tofauti hiyo huusukuma mpira kutoka kwenye mstari wake. Wanafizikia huiita hali hii athari ya Magnus, kwa jina la mwanasayansi Mjerumani aliyeichunguza katika karne ya 19. Mpira unaozungushwa kuelekea mbele huanza kwa kupaa machoni pa mpigaji, kisha huzama mapema kuliko alivyokadiria. Mpigaji huinua mguu kuufuata, na afikapo hupata kwamba mpira haujafika. Hatua hiyo moja ya pengo ndiyo hasara yake.

Ardhi nayo ina neno lake. Ukanda mbichi wenye nyasi hauushiki mpira. Kadiri mechi inavyoendelea na jua linavyoukausha, ukanda hupasuka na kuparuzwa na viatu vya warushaji, na mshono hupata mahali pa kung'ang'ania. Kwa hivyo msokotaji ni msomaji wa ardhi kama mkulima, na tena ni msomaji wa upepo kama nahodha wa jahazi.

Msokoto kama Fumbo

Wanafunzi wa fasihi wanafahamu kwamba fumbo lina tabaka mbili: tabaka la maneno yanayosikika na tabaka la maana iliyofichwa. Fumbo zuri halisemi uongo. Kila neno lake ni la kweli, ila msikilizaji huongozwa na mazoea yake mwenyewe hadi kwenye maana isiyo yenyewe. Urushaji wa kusokota hufuata kanuni hiyo hiyo. Mrushaji haufichi mpira. Huuonyesha mchana kweupe, mbele ya macho ya uwanja mzima. Anachokificha ni nia.

Mfano bora ni mpira uliobuniwa na Mwingereza Bernard Bosanquet takriban mwaka 1900. Inasimuliwa kwamba Bosanquet aliuvumbua katika mchezo wa mezani, ambapo mchezaji aliudundisha mpira wa tenisi juu ya meza ili aliyeketi upande wa pili ashindwe kuudaka. Alitambua kwamba akiugeuza mkono kiasi kwamba mpira utoke kwa nyuma ya kiganja, mwendo wa mkono ungebaki ule ule uliozoeleka kwa warushaji wa kifundo, lakini mpira ungekata upande uliokuwa kinyume na ule uliotarajiwa. Mpigaji aliyeusoma mkono wake kwa juu juu alijiandaa kwa mpira wa kumkimbia, akapata mpira wa kumjia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mpigaji mwerevu hutazama kifundo cha mkono na mshono unavyozunguka, wala hayatazami mabega ya mrushaji.

Zaidi ya hayo, msokotaji hafumbi kwa mpira mmoja. Yeye hutunga mfululizo. Mpira wa kwanza, wa pili na wa tatu huenda ikawa yote inafanana, kila mmoja ukikata kiasi kile kile, hadi mpigaji akaanza kuzoea. Katika ushairi, msikilizaji aliyezoea kina husubiri kina hicho mwishoni mwa mshororo. Mrushaji naye humjengea mpigaji matarajio ya aina hiyo, kisha katika mpira wa nne humrushia mpira usiosokotwa kabisa. Mpira huo hunyooka, na mpigaji akiwa ameuwekea gongo mahali ulipopaswa kukata, huupata umempita au umemgonga mguuni. Mjini Durban, Ricky Ponting, nahodha wa Australia, aliondolewa na Karim kwa mguu uliozuia mpira uliokuwa ukielekea vijitini. Darren Lehmann alidakwa na mlinda wiketi, na Brad Hogg akadakwa na Karim mwenyewe. Hao watatu walikuwa wapigaji wa timu ambayo haikushindwa hata mara moja katika mashindano hayo.

Maana ya Ridhaa

Neno litumikalo kwa Kiingereza kumtaja mchezaji asiyelipwa lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni mpenzi. Kiswahili kilichagua njia nyingine. Mchezaji wa aina hiyo tunamwita mchezaji wa ridhaa, na ridhaa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kukubali kwa hiari na kuwa radhi. Lugha ya kwanza inamtazama mchezaji kwa upande wa hisia zake, na ya pili kwa upande wa uamuzi wake. Mwanafunzi wa kriketi atagundua kwamba maana zote mbili zinahitajika ili kumwelewa msokotaji.

Katika historia ya mchezo huu, neno la Kiingereza halikuwa na usafi wa maana yake ya asili. Hadi mwaka 1962, kriketi ya Uingereza iliwagawa wachezaji katika matabaka mawili: waungwana wasiolipwa na wafanyakazi waliolipwa. Bosanquet alikuwa wa kundi la kwanza. Katika viwanja vingi makundi haya yalitumia vyumba tofauti vya kuvalia, japo waliichezea timu moja. Kutolipwa kulikuwa alama ya utajiri. Ukoloni ulipouleta mchezo huu Afrika Mashariki, ulikuja na mipaka yake, na vilabu vikajengwa kwa misingi ya rangi na jamii.

Ridhaa ya mchezaji wa Kenya ilikuwa ya namna tofauti. Wengi wa waliovaa jezi ya taifa katika miaka ya 1990 walikuwa na kazi nyingine au waliitafuta, na mazoezi waliyafanya jioni na mwisho wa wiki. Ilikuwa timu ya namna hiyo iliyoishinda West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Karim alikuwamo kikosini. Kwake yeye michezo ilikuwa pia urithi wa nyumbani: baba yake alikuwa mwanamichezo, naye mwenyewe aliiwakilisha Kenya katika tenisi ya Kombe la Davis kabla ya kuwa nahodha wa kriketi. Baadaye mwanawe, Irfan, aliichezea Kenya kriketi.

Kwa nini basi mchezaji wa ridhaa huvutiwa na msokoto hasa? Sababu ya kwanza ni kwamba kasi hukodishwa na ujana, nao ujana hudai kurudishiwa chake. Mrushaji wa kasi afikishapo miaka 39 kwa kawaida amebaki na simulizi. Msokoto hukaa vidoleni na kichwani, na aliyeuhifadhi anaweza kuuchukua tena baada ya miaka kadhaa ya kukaa kando. Penye wazee haliharibiki neno. Sababu ya pili ni kwamba mazoezi yake hayahitaji utajiri. Mtu mwenye mpira mmoja na ukuta anaweza kujizoeza peke yake, na hata akiwa ameketi kitini anaweza kuurusha mpira kutoka mkono mmoja hadi mwingine ili kuvifundisha vidole.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Msokotaji ni lazima aridhie kupigwa. Mpira wa polepole humkaribisha mpigaji, na mpigaji hodari huupeleka nje ya mpaka wa uwanja mara moja, mara mbili, mara tatu. Mrushaji mwenye woga hufupisha mpira na kuurusha kwa kasi ili ajikinge, na hapo msokoto hufa. Mwenye ridhaa huurusha tena mpira juu, mahali pale pale, kwa kuwa anajua kwamba tamaa ya mpigaji ndiyo mtego wenyewe. Anayecheza kwa sababu anaupenda mchezo ana uhuru fulani wa kufanya hivyo. Karim alipoitwa kutoka kwenye ustaafu hakuwa na mkataba wa kulinda wala jina la kutafuta. Alikuwa radhi kupigwa na Australia, na pengine ndiyo sababu hawakumpiga.

Msokoto Unapotoweka

Isidhaniwe kwamba mapenzi pekee yanatosha. Mfano wa Collins Obuya unaonyesha jinsi sanaa hii inavyoweza kumponyoka aliyeipenda. Obuya, ndugu wa wachezaji Kennedy Otieno na David Obuya, alikuwa msokotaji wa kifundo aliyevutiwa na mrushaji wa Pakistan, Mushtaq Ahmed. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya ilipata mikimbio 210 dhidi ya Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka 1996. Katika kikosi cha Sri Lanka alikuwamo Muttiah Muralitharan, ambaye baadaye alistaafu akiwa na wiketi 800 za mechi za Test, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyeifikia. Lakini siku hiyo aliyeimbwa Nairobi alikuwa Obuya, kijana wa miaka 21. Aliwaondoa wapigaji watano kwa mikimbio 24, miongoni mwao Aravinda de Silva, shujaa wa fainali ya mwaka 1996. Sri Lanka ilitoka kwa mikimbio 157. Mcheza kwao hutunzwa.

Ushindi huo ulichangia kuipeleka Kenya hadi nusu fainali, na mwaka huo huo Obuya alipata mkataba na klabu ya Warwickshire nchini Uingereza. Sanaa aliyoipenda ikawa kazi. Hata hivyo, makali ya msokoto wake hayakudumu. Kifundo cha mkono kina kumbukumbu dhaifu: kikipoteza mwendo wake hata kwa kiasi kidogo, mpira hupoteza mzunguko, na kuutafuta mwendo huo ni kama kulitafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Obuya hakuuacha mchezo. Alijijenga upya kama mpigaji, na katika Kombe la Dunia la mwaka 2011 mjini Bangalore aliifungia Kenya mikimbio 98 dhidi ya Australia bila kuondolewa. Hiyo nayo ni ridhaa: kukubali kwamba mlango mmoja umefungwa na kubaki ndani ya nyumba.

Timu yenyewe haikupata bahati hiyo. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, miaka 11 tu baada ya nusu fainali ya Durban.

Lugha ya Mchezo

Sababu za kudidimia huko ni nyingi, zikiwemo za uongozi na za fedha. Lakini kwa wasomi wa Kiswahili lipo swali moja linalowahusu moja kwa moja. Kandanda ina lugha. Mtangazaji wa redio humwezesha msikilizaji wa kijijini kuona chenga, kanzu, mkwaju na kimiani bila kuwapo uwanjani. Kriketi haijapata utajiri huo. Mengi ya maneno yake yamebaki katika Kiingereza, na mchezo usiosimuliwa kwa lugha ya watu hubaki mali ya wachache hata pale watoto wa mtaani wanapoucheza.

Ilhali Kiswahili kina hazina ya kutosha. Kitenzi sokota, tunachokitumia kwa kamba, kwa uzi na hata kwa maumivu ya tumbo, kinabeba dhana ya kuzungusha kwa nguvu iliyojificha. Kutoka humo tunapata msokotaji na msokoto bila kukopa chochote. Ova isiyozaa mkimbio inaweza kuitwa ova tasa. Mpira wa Bosanquet unastahili kuitwa fumbo, na mpira unaonyooka baada ya mingine kukata unaweza kuitwa mnyoofu. Maneno kama wiketi na ova yamekwisha kuingia na kutoholewa, na hakuna haja ya kuyafukuza. Istilahi hizi zinahitaji kutumiwa, si kuorodheshwa tu, kwa maana neno huishi midomoni mwa wasemaji.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi mpira unavyosokotwa, jinsi hewa na ardhi zinavyoshirikiana na mkono, na jinsi fumbo linavyotungwa mbele ya macho ya watu wote. Imebainika pia kwamba sanaa hii humfaa mchezaji wa ridhaa, kwa kuwa humdai subira na moyo wa kukubali kushindwa leo ili ajaribu tena kesho. Siku tano baada ya mechi ya Australia, Kenya ilicheza nusu fainali dhidi ya India katika uwanja ule ule wa Kingsmead na kushindwa kwa mikimbio 91. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi ya mwisho ya kimataifa ya Karim. Alirejea Kenya na kuendelea na maisha yake. Mipira yake 50 imebaki katika vitabu vya takwimu kwa tarakimu na kwa Kiingereza. Ni wajibu wa wasemaji wa Kiswahili kuisimulia kwa lugha aliyozaliwa kati yake, ili kijana mwenye mpira mmoja na ukuta ajue kwamba sanaa hiyo ni yake pia.